Kuku wa Radi Alikuwa Mbichi

Ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani,
Jumatano, tarehe 14 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Kibonge,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wote wa nyumbani kwako. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ukiinama kufunga kamba za viatu unahitaji mtu wa kukuinua; natumaini sasa unajiinua mwenyewe. Wifi yangu hajambo? Na yule binti yenu, ameshaanza kutembea, au bado anatambaa kinyumenyume kama wanafunzi wangu siku ya kwanza kwenye usukani?

Sisi huku wazima. Mama hajambo, ni magoti tu yanayolalamika akipanda ngazi, na akifika juu huyagombeza kama watoto. Shemeji yako naye mzima, bado anapaka rangi nyumba za watu na yetu imebaki vilevile. Mimi pia sijambo, ingawa najua wiki hii hukuwa na hamu ya kusikia kwamba sijambo.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu umenifungia. Nilipiga Jumamosi, nikapiga Jumapili, kisha nikamwomba shemeji yako apige kwa simu yake, na yeye ukamfungia, maskini ya Mungu, mtu ambaye hata kwenye huo mgahawa hakuwepo. Sawa. Karatasi haifungiwi. Utaichana ukipenda, lakini nakujua: huwezi kuichana kabla hujajua kilichomo.

Ujumbe wako niliusoma wote, mara mbili. Umesema nimekuaibisha mbele ya wenzako kazini. Umesema nimemliza Mama siku ya kutimiza miaka sabini. Kisha ukaniletea ombi la ile ofisi ya Radi, mchezaji wako wa tangu utotoni: mimi na Mama turekodi video fupi, tucheke kidogo, tuseme tulighafilika na chakula kilikuwa kizuri, na wewe watakukutanisha na Radi uso kwa uso timu yake ya wakongwe itakapokuja kucheza huko.

Jibu nalitanguliza ili usisome huku roho ikiwa juu. Ni hapana. Sitaomba radhi. Sasa tulia nikueleze kwa nini, maana ulichokiona wewe ni video ya mtandaoni ya sekunde kumi na nane, na mimi nilikaa pale saa tatu kamili.

Kwanza asante. Hilo nalisema bila kinyongo. Zawadi yako ilikuwa ya mtu anayemfikiria mama yake. Wewe na mimi tunajua Mama alivyokula maisha yake yote: kazini alikula amesimama, sahani juu ya mfuniko wa sufuria la supu ya wagonjwa, na nyumbani alikula sisi tukishashiba. Ulitaka siku moja aketi, aletewe. Ulipomwambia umemwekea meza kwenye mgahawa wa Radi, alikwenda kwa fundi cherehani siku hiyohiyo, akashona gauni la bluu lenye mikono mirefu, akalirudisha mara mbili kwa sababu eti kola ilikuwa inamfanya aonekane mkali. Jumapili ile ya sherehe, saa sita mchana alikuwa ameshakaa mlangoni, mkoba mapajani, wakati Shangazi na mimi bado tunatafuta viatu.

Na mapokezi yalikuwa mazuri, sikufichi. Mhudumu wetu, mama mmoja wa makamo mwenye viatu vya raba, alimshika Mama mkono akampeleka mpaka kwenye meza ya dirishani. Juu ya meza kulikuwa na ua, na kadi ndogo imeandikwa: Mama Kibonge, miaka sabini. Uliwaambia waandike hivyo, sivyo? Mama aliisoma, akaisoma tena, akamuuliza mhudumu kama ataruhusiwa kuondoka nayo.

Pale ndani ungepapenda. Kuna kiatu cha Radi ndani ya kioo, chenye matope yake ya fainali. Ukuta mzima ni picha yake akishangilia. Goti lake moja ni kubwa kuliko friji yetu. Kuna skrini tano zinaonyesha magoli yake, na Shangazi alikuwa anapiga makofi kila goli kana kwamba hajui mechi ziliishia vipi. Vyakula navyo vimepewa majina ya mpira. Shangazi akachukua Penalti, ambayo ni samaki. Mimi nikachukua Kona, ambayo ni supu na mkate. Mama akachagua Dakika ya Tisini, nusu kuku wa kuoka na viazi, akasema anataka aone wenzake wanavyooka.

"Sasa kama chakula chenyewe kinaitwa Dakika ya Tisini," Shangazi akauliza, "tutakula saa ngapi?"

Tukacheka sana. Kisha tukaacha kucheka, kwa sababu dakika tisini zilipita kweli. Supu yangu ilikuja ya vuguvugu. Samaki wa Shangazi alikuwa mzuri, haki yake nampa. Mama akakata kuku wake mara ya kwanza, kisu kikafika kwenye mfupa, akasita. Nilimwona. Nikamuuliza, "Vipi, Mama?" Akasema, "Kizuri." Akaendelea kula pembenipembeni, vipande vidogo vya juu, na viazi.

Ndipo meneja akatokea, mwanamume wa suti inayombana kwapani, anatabasamu hata kabla hajafika.

"Wageni wetu wapendwa, samahani kidogo," akasema. "Tunaomba mhamie meza ile pale. Staa mwenyewe anaingia muda wowote na wapiga picha wake, na hii ndiyo meza ya picha. Juisi tutawapa bure."

Ile pale, Kibonge, ilikuwa meza kati ya mlango wa jikoni na mlango wa choo, imerundikwa viti vya watoto wachanga.

Shangazi alikuwa ameshashika sahani yake. Na Mama, hapa ndipo ambapo video yako haikufika, Mama aliweka kitambaa cha mkono mezani, akachukua mkoba, akaegemeza viganja viwili kwenye meza ili ajisukume asimame. Alikuwa na ile sura aliyokuwa akirudi nayo kutoka kazini, siku wakubwa wa hospitali walipokuja kusifia chakula na msimamizi akasema ni yeye aliyekisimamia. Kisha akamwambia meneja, "Samahani, mwanangu, tunatoka." Umesikia? Mwenye meza anamwomba radhi anayemnyang'anya meza.

Hapo nikasogeza kiti changu karibu na Mama. Nikamwekea mkono begani.

"Mama, keti."

"Mwanangu, tusilete maneno mbele za watu."

"Maneno nitayaleta mimi. Wewe keti ule."

Akaketi. Meneja akanigeukia mimi, tabasamu limepungua.

"Dada, naomba utuelewe. Hii ni meza ya mwenye mgahawa."

"Soma hiyo kadi. Imeandikwa jina la nani?"

"Dada, ni nusu saa tu."

"Basi yeye ndiye asubiri nusu saa. Sisi tumesubiri saa moja na nusu."

Watu wa meza za jirani walikuwa wameshainua simu. Meneja akainama karibu na sikio langu, akasema kwa sauti ya chini kwamba asingependa kumwita mlinzi siku ya sherehe ya mzee. Alichokisema yeye hakikurekodiwa, kwa sababu alinong'ona. Nilichomjibu mimi kilirekodiwa, kwa sababu sijui kunong'ona. Nimefundisha udereva miaka kumi na tisa. Sauti yangu imezoea watu wanaokanyaga mafuta wakidhani wamekanyaga breki. Nikasema, "Hata akija na timu nzima na refa, hapa hanyanyuki mtu!"

Ndiyo hiyo. Video yako inaishia hapo, mdomo wangu wazi kama mlango wa gereji, na Shangazi nyuma amejifunika uso. Sikatai kwamba ni mimi. Ningerudi Jumapili ile, ningesema vilevile, labda na mshika kibendera ningemwongeza.

Sasa sikia ya baada ya hapo.

Radi aliingia. Ni mfupi kuliko picha, na kichwani ameanza kupukutika. Meneja akamkimbilia mlangoni, akamnong'oneza, akanyoosha kidole kwetu. Mimi nimeshajiweka tayari kwa vita. Lakini yule mtu akaja moja kwa moja kwenye meza yetu, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Nimeambiwa leo ni siku yako. Kaeni, msihame. Sisi tutapiga picha kwingine."

Hiyo nampa. Sitaki useme namchukia tu bure. Mtu ameonyesha adabu, na mimi nimeshusha pumzi. Nilifikiri yameisha. Kumbe Mama ndio kwanza alikuwa anaanza.

"Mwanangu," akamuuliza, "wewe mwenyewe huwa unakula hapa?"

Radi akacheka, akamtazama meneja, kisha nadhani aliona aibu kumdanganya mtu mwenye umri ule. "Kusema kweli hapana, mama. Mimi hapa huja kupiga picha."

Mama akaivuta sahani yake katikati ya meza. Akachukua kisu, akamfungua yule kuku kwenye maungio ya paja, polepole, kama alivyokuwa akitufundisha sisi. Ndani nyama ilikuwa ya waridi, na mfupani damu.

"Nimepikia wagonjwa miaka thelathini na moja," akasema. "Huyu kuku nisingempa mgonjwa, wala mzima nisingempa. Nimemla pembeni kwa sababu niliogopa kuonekana mjeuri. Lakini umeniamkia vizuri, na mimi nakwambia vizuri. Kuku wako mbichi."

Hakupaza sauti. Wala hakuna aliyerekodi, kwa sababu simu zote zilikuwa zinamfuata Radi usoni, na hakuna aliyekuwa na haja na sahani.

Radi akasema, "Pole sana, mama," akamwambia meneja, "Mshughulikie hilo," na papo hapo wapiga picha wakamwita. Wakamkalisha meza ya jirani, chini ya skrini. Wakamwekea sahani mbele yake, kuku vilevile, Dakika ya Tisini. Na mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili tu, Kibonge, sikuhadithiwa. Alinyanyua uma wenye nyama, akatabasamu, wakapiga. Akaushusha. Akanyanyua tena, wakapiga. Mdomoni uma haukufika hata mara moja. Kisha akasimama, akawapungia mkono watoto, akatoka, na sahani ikaondolewa nzima.

Huyo ndiye Radi. Si mtu mbaya. Ni mtu wa heshima aliyelipangisha jina lake kama mtu anavyopangisha chumba, na hajawahi kurudi kuangalia wapangaji wanaishije humo.

Dakika chache baadaye mlango wa jikoni ukafunguliwa kwa kishindo. Akatoka mpishi, mwanamume mpana, aproni imelowa mbele, jasho linamtiririka.

"Nani kasema kuku wangu mbichi?"

"Mimi," Mama akasema.

Shangazi akanong'ona, "Yallah, leo tutapigwa." Lakini mpishi aliichukua ile sahani, akabonyeza nyama kwa kidole gumba, akatazama mfupa, na hasira yote ikamtoka. Akavuta kiti cha nne, kile kilichokuwa na mikoba yetu, akaketi. Mpishi, na aproni yake, ameketi katikati ya wageni! Meneja macho yalimtoka.

Akatueleza kwamba oveni imekufa upande wa kushoto, wiki ya tatu sasa. Amesema kwa mdomo, ameandika kwa karatasi. Walichonunua ni ile skrini ya tano. Kwa hiyo kuku anawahamisha kwa mkono, kulia, kushoto, kulia, na siku ya Jumapili wageni wakijaa wapo wanaomponyoka.

Kisha akasema, "Mama, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mama akaivuta ile sahani karibu yake. Halafu akamwambia: akate kwenye maungio kabla, awachemshe kwanza nusu kuiva ndani ya supu yao wenyewe, ule upande mzima wa oveni autumie kumalizia rangi tu, na supu itakayobaki asiimwage, ndiyo ampe huyu binti yangu badala ya haya maji aliyoletewa. Yule mpishi mpana akaazima kalamu ya mhudumu, akaandika kila neno kwenye kitambaa cha karatasi. Akauliza maswali. Muda gani? Moto gani? Chumvi mwanzo au mwisho? Na Mama anajibu, mgongo umenyooka, anaonyesha kwa mikono.

Hapo ndipo alipolia. Si kwa sauti. Machozi tu, huku anaendelea kumwelekeza. Nilipomuuliza ndani ya teksi, akasema, "Miaka thelathini na moja, mwanangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Basi hayo ndiyo machozi ambayo Shangazi alikupigia simu kukusimulia. Aliyaona, ni kweli. Lakini masikio yake yalikuwa kwenye magoli. Usimlaumu sana; ana hofu ya watu, na tangu ile video itoke anapita njia ya nyuma kwenda dukani.

Mimi nami sikubaki salama, usidhani. Mkuu wa shule yetu ya udereva aliniita ofisini, akanionyesha ile video kana kwamba sijaiona, akasema mwalimu anatakiwa awe mtulivu, na ingefaa niandike neno la kuomba radhi. Nikamwambia niko tayari kuomba radhi kwa mtu yeyote niliyemnyang'anya kiti. Hakunifukuza. Alinipa lile gari bovu lenye klachi ngumu, nifundishie hilo mpaka nijirudi. Mguu wa kushoto unaniuma, lakini sijajirudi.

Sasa tuje kwenye ombi lako. Jumamosi ulipoutuma ule ujumbe, Mama alikuwa anapiga pasi. Nikamsomea, kwa sababu yeye anahusika na sikutaka kumjibia. Alisikiliza ya video, akatikisa kichwa. Alisikiliza ya wewe kukutana na Radi, akatabasamu, akasema, "Atafurahi." Nikaogopa, nikafikiri atakubali kwa ajili yako. Kisha nikafika kwenye ile barua yao uliyonibandikia mwishoni, pale waliposema mambo yote yameshashughulikiwa, na mpishi aliyehusika amesimamishwa kazi.

Mama akaisimamisha pasi wima.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Na oveni wameitengeneza?"

"Hawajasema, Mama."

Akakunja shati alilokuwa akilipiga pasi, la shemeji yako, akalikunja vizuri mpaka kola. Kisha akauliza, "Wanataka video?"

"Wanataka."

"Basi waipate."

Kesho yake, Jumapili, baada ya chakula cha mchana akavaa lile gauni la bluu. Nikamwekea kiti karibu na dirisha, penye mwanga. Akakikataa. Akasimama jikoni mbele ya jiko letu, akafuta mikono, akaniambia nishike simu sawasawa. Nakuandikia alichosema, neno kwa neno, ili usikisikie kwa mtu mwingine kimetiwa chumvi:

"Mimi nimetimiza miaka sabini. Nimepika jikoni hospitali miaka thelathini na moja. Binti yangu hana la kuombea radhi. Alilinda meza niliyowekewa na mwanangu. Kuku alikuwa mbichi. Kosa si la mpishi, ni la oveni, na oveni ina mwenyewe. Mrudisheni mpishi kazini, mtengeneze oveni. Asanteni."

Mara moja tu, bila kurudia. Kisha akaniuliza, "Nimetoka vizuri? Kola haijanifanya mkali?"

Tukaituma kwa ofisi ileile iliyokuandikia. Wakajibu mstari mmoja, kwamba wanashukuru lakini hawataweza kuitumia. Mama akasema kama wao hawawezi kuitumia, sisi tunaweza. Jumatatu nikaiweka palepale ambapo ile yangu ilikuwa ikizunguka. Kufikia jana mchana ilikuwa imeipita ya kwangu kwa mbali. Walioandika chini yake si wapenzi wa mpira. Ni wapishi, waosha vyombo, wahudumu, wanawake wa kwenye majiko ya shule, kila mmoja anasema na kwao pia kuna kitu kimekufa upande mmoja na hakuna anayesikia. Mmoja aliandika tu: huyu mama apewe maua. Mama akauliza maua ya nini, apewe oveni yule mpishi.

Na leo asubuhi mpishi amempigia simu. Amerudishwa. Alipofika alisimama mlangoni mwa jiko, akawaambia hafungi aproni mpaka oveni iwe moto pande zote mbili. Wakati anaongea na Mama, fundi alikuwa ameshaingiza kichwa humo ndani. Mimi mwenyewe nilisikia nyundo kwenye simu. Wameongea mambo ya moto na chumvi mpaka maziwa yetu yakachemka yakamwagika, na Mama, ambaye sisi angetuchapa kwa kumwaga maziwa, akayafuta huku anacheka.

Kwa hiyo mkono wa Radi umeukosa. Kama ofisi yake haijakwambia bado, itakwambia wiki hii. Hilo linaniuma, usidhani sina moyo. Nakumbuka picha yake uliyoibandika ndani ya mlango wa kabati, na ulivyokuwa ukiigusa kabla ya mitihani. Kama njia ingekuwa nyingine yoyote, kupanga foleni, kuandika barua, kusimama mvuani nje ya uwanja, ningekufanyia. Lakini kumwekea Mama maneno ya uongo mdomoni ili wewe upate picha, hiyo sifanyi. Hata ungekuwa wewe umelazwa na hiyo picha ndiyo dawa, nisingeifanya. Ningekutafutia daktari mwingine.

Uliniuliza kwa kejeli, eti sasa nataka watu wote waache kwenda migahawa ya mastaa. Hapana. Waende, kama wanataka kuona kiatu chenye matope ya fainali, ni kiatu kizuri. Wakapige picha chini ya lile goti. Ila wajue wanalipia goti. Mtu kufunga magoli hakumfanyi ajue kuoka, na sura ukutani haimgeuzi kuku upande wa pili. Mimi siku hizi nikifika mahali pa kula nauliza nani yuko jikoni na kama mwenye mahali anakula hapohapo. Wakinitazama vibaya, naondoka. Wakinijibu, nakaa. Na nikikaa, nimekaa.

Ukija likizo na bado unataka kwenda kwa Radi, nitakupeleka, siogopi. Mpishi yupo, na nimeanza kuwa na hamu ya huyo kuku akiiva. Tutakaa meza yoyote watakayotupa kwa haki. Ila wakija kutuhamisha katikati ya chakula, wewe simama peke yako, mimi na Mama utatukuta hapohapo ukirudi kutoka ile meza ya mlango wa choo.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie zile krimu za mikono alizomletea Mama zimekwisha na hazina mfano. Mbusu binti yenu, mwambie shangazi yake anamsubiri kumfundisha gari, na kwamba atajifunzia kwenye gari bovu, akitoka hapo hakuna barabara itakayomshinda. Mumsalimie na yule jirani yenu fundi baiskeli aliyekupokea siku ya kwanza ulipofika huko. Shemeji yako anakusalimu na anaomba, kwa unyenyekevu, umfungulie simu kwa kuwa yeye hana kesi. Shangazi naye anakusalimu. Bado amenuna, lakini jana alimuuliza Mama ile habari ya kuchemsha nusu kuiva, akajifanya anamuulizia mtu mwingine.

Mungu akulinde kazini na njiani, akupe mgongo wa chuma, na nyumba yako isikose cha kupika wala wa kukila.

Na neno moja kutoka kwa Mama, amesimama hapa nyuma yangu anahakikisha naliandika. Anasema anakupenda, zawadi yako hataisahau, na hatapokea simu yako hata ukipiga siku nzima, mpaka kwanza umenifungulia mimi. Usiseme nimemfundisha. Wiki hii hafundishwi na mtu.

Ni mimi nikupendaye ukiwa umenuna na ukiwa umecheka,

Dada yako.